Siku Niliyomsema Zaina Mkutanoni

Nakumbuka siku moja, mwanangu, enzi za Ujamaa, bwana shamba alipopanda kijijini kwetu huku juu kwenye milima ya Magamba akiwa amebeba kipande cha kioo kilichofungwa kwa gunia. Tulikusanyika mbele ya ofisi ya kijiji. Miaka ile plamu zilikuwa zinatuozea. Mvua ikishaharibu barabara lori haliji, na tunda lililochumwa Jumatatu, Ijumaa ni la nzi.

Bwana shamba akatueleza kwamba serikali imeamua matunda yakaushwe kwa jua, ndani ya masanduku ya mbao yenye kioo juu na bati jeusi chini. Watu wakadhani masanduku yataletwa kutoka mjini. Akasema hapana, yatatengenezwa vijijini, kwa mbao zetu na kwa mikono ya vijana wetu. Kijiji kitakachotoa fundi mmoja akasomee kazi hiyo ndicho kitakachojengewa karakana, na vijiji vingine vitanunua hapo. Akaacha mchoro, akasema anayejiona anaweza atengeneze sanduku dogo, naye atarudi baada ya majuma mawili kuyatazama.

Fundi huyo nilijua ni mimi. Baba yetu alikuwa mpasua mbao msituni, na mimi nilishajifunza useremala nikaitwa fundi na watu wazima. Sikujua kwamba Zaina naye ameuchukua ule mchoro. Zaina ni dada yangu anayenifuata. Alikuwa amemaliza shule, yupo nyumbani anamsaidia mama shambani. Miaka yote nilipokata mbao yeye ndiye aliyenishikia ncha ya pili. Nilidhani anashika tu, kumbe anasoma.

Sanduku langu lilikuwa zuri, mwanangu. Nililipiga msasa likateleza, na maungio yake hata sindano isingepita. La Zaina lilikuwa na mguu mmoja uliopinda. Bwana shamba aliporudi akajaza plamu kwenye yote mawili, akayaweka juani. Siku ya pili kioo changu kilitoka jasho. Siku ya tatu plamu zangu zikaota ukungu. Nilikuwa nimetoboa matundu madogo mno ya hewa, kwa kuona kwamba makubwa yangeharibu sura ya kazi yangu. Zaina alitoboa mapana chini na mapana juu, upepo ukapita, na plamu zake zikakauka zikawa tamu kama halua. Chanda chema huvikwa pete. Jina likaandikwa lake.

Na mimi nikaugua. Sikuugua homa. Nilikuwa nikimsikia anacheka jikoni na mama, nami naacha chakula natoka nje. Watu walipomsifu njiani nami nilimsifu, tena kwa sauti kubwa, huku moyo unanichoma kama pilipili kwenye kidonda. Hasidi hana sababu. Yule binti hakuwahi kunikosea hata kwa neno.

Ukaitwa mkutano wa kumwidhinisha, bwana shamba akiwepo. Nikasimama.

"Wazee wangu, shikamooni," nikasema. "Zaina ni dada yangu, nampenda. Lakini msichana ni mgeni kwao. Tukimsomesha leo, kesho anaolewa, na ufundi wetu unakwenda kwa watu wengine."

Wivu, mwanangu, hauji ukitaja jina lake. Siku ile ulivaa nguo za busara, na wazee wakatikisa vichwa kukubali. Zaina alikuwa ameketi na akina mama, akanitazama bila chozi. Jina lake likafutwa.

Nilingoja wataje langu. Bwana shamba akasema anatafuta fundi wa kukausha, si wa kupiga msasa, akaondoka. Haukupita muda tukasikia kijiji cha ng'ambo ya bonde kimekubaliwa.

Mchuma janga hula na wa kwao. Karakana ikasimama ng'ambo. Vijana wao wakawa wanapasua mbao, wanakata vioo, wanafunga matunda makavu kwenye mifuko. Hata wajane walipata kazi ya kuchambua plamu wakiwa wameketi kivulini. Vijana wetu wakateremka Korogwe kukata mkonge, na wengine hatukuwaona tena. Plamu zetu zikaendelea kuoza.

Zaina alimwomba baba ruhusa, akahamia huko ng'ambo kwa mama yetu mkubwa, akaomba nafasi. Wakamjaribu, wakampeleka kusoma. Ufundi wetu ulikwenda kwa watu wengine kweli, na aliyeupeleka ni mimi.

Mwaka wa pili nilikosa kazi kabisa. Nikashuka bondeni, nikapanda ng'ambo, nikafika mlangoni pa ile karakana. Msimamizi alikuwa Zaina, penseli sikioni, vumbi la mbao kwenye kitenge. Aliponiona aliweka chini alichoshika, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, kaka."

Marahaba ile ilikuwa nzito kuliko gogo la mti wa mkulo. Nikamwambia nimekuja kuomba kazi, na kwamba nilimkosea.

"Kunisema si kitu, kaka," akasema. "Kilichoniuma ni kwamba uliyatazama matundu yangu, ukajua ni sahihi, kisha ukasimama."

Akanionyesha meza ya kuranda. Nilifanya kazi chini yake miaka sita. Mara ya kwanza aliposifiwa mbele yangu bado moyo ulichoma. Nikaendelea kuranda.

Sasa, mwanangu, nimesikia mradi wa serikali wa umeme wa jua unataka kijana mmoja wa hapa akajifunze kufunga zile paneli, na kwamba amependekezwa binti wa jirani, si wewe. Nimesikia pia unavyonong'ona dukani. Nenda kamshikie ngazi. Kazi ikija kijijini kwa mlango wa mwenzako, imekuja kijijini, na aliyetangulia atahitaji wa kumfuata. Moyo ukichoma, usiutume mkutanoni kuzungumza. Upe randa, upe jembe, uchoke.

Mungu akupe mikono yenye kazi na jicho linaloweza kutazama cha mwenzio likalala salama. Na siku utakayokosea, akujalie ndugu wa kukuamkia.