Hofu ya Kijiti Kinywani mwa Faidha

Asubuhi Newala, baridi ya mlimani haijaondoka, na Dominika Kasiani, tabibu wa zahanati, hana raha. Tochi mkono huu, mkono ule kijiti bapa cha kukandamizia ulimi.

"Fungua kinywa, Faidha. Sema aaa."

Faidha, mwenye miaka mitano, ameuma meno. Anadhani kijiti ni kisu. Bibi yake, Bi Stamili, amemwambia kwamba wakitoka hapa zahanati watapitia kwa Mzee Uwesu akatwe kimeo, kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya ulimi. Wengi huku huamini kimeo kirefu ndicho kinacholeta kikohozi.

Roho ya tabibu huyu haitulii. Mwaka jana alimpa mtoto mwingine dawa, akamuaga mama yake bila kuuliza wanaelekea wapi. Jioni walirudi kutoka kwa mkata vimeo, mtoto anatapika damu.

"Yeye alipona," anajisemea Dominika. "Mimi bado."

Anambembeleza Faidha amwonyeshe simba anavyopiga mwayo. Hila inafaulu. Mwanga unapita ulimi hadi kooni: mafindofindo, zile tezi za pembeni mwa koo, yamevimba, yana usaha.

"Bibi, njoo uone. Ugonjwa uko pembeni, huku na huku. Kimeo hakina kosa lolote."

Bi Stamili anachungulia, anaguna. "Mama Gasper," anamwita tabibu kwa jina la mwanawe, "sisi tumekatwa wote, tukapona. Ninyi mliosoma hamyajui haya."

Dominika anamkabidhi tochi, anakaa kiti cha mgonjwa, anaachama. Bibi anamulika, anasogea, anamulika tena.

"Mh! Nawe huna!"

"Nilikatwa nikiwa kama huyu. Na koo liliniuma kila masika mpaka naolewa."

Bi Stamili anacheka bila kupenda, anapokea dawa na maelezo.

Dominika anawasindikiza kwa macho hadi njia panda. Kushoto, kwenye mikorosho, ni kwa Mzee Uwesu. Wanasimama. Bibi anamfunga mtoto kanga vizuri, kisha wanashika njia ya kulia, ya nyumbani. Dominika anashusha pumzi, ila furaha yake ni nusu.

Jumamosi atakwenda kwa Mzee Uwesu mwenyewe. "Siendi kumgombeza," anajiambia. " Nataka amulike kwanza, aone ninachokiona. Akiona usaha, amlete mtoto hapa."

Kwenye benchi, mama mwingine amempakata mtoto anayekohoa. Dominika anamsalimu, na kabla hajawasha tochi anauliza:

"Mkitoka hapa, mnakwenda wapi?"