Kilo Mbili za Upepo

Aibu hii ni yangu, simsingizii mtu. Ningekataa tu pale shemeji yangu aliponiambia, "Wewe umefika fomu foo, nipigie hesabu ya upepo," leo nisingekuwa na cha kusimulia. Nikakubali, tena kwa madaha.

Ilikuwa asubuhi ya harusi ya binti yangu Elifuraha, miaka ile magari ya mtumba ya Japani yalipoanza kumiminika Arusha, na shemeji alikuwa ameleta lake la kumbeba bibi harusi. Mlangoni lilikuwa na kibandiko: upepo wa tairi, kilo mbili kwa sentimita ya mraba. Kipimo cha pale kituo cha mafuta kilisoma pauni. Sasa mimi nilipima kahawa ya ushirika miaka mingi (kilo moja ni pauni mbili na pointi mbili, hata usingizini nakujibu), kwa hiyo nikatangaza mbele ya watu: pauni nne na nusu, basi.

Yule wa kujaza upepo akapima, akakuta ishirini na nane. "Nizitoe zote hizo, mzee?"

"Toa. Wajapani hawakuandika mapambo."

Tairi zikalala kama chapati. Shemeji akaniangalia, nikamwambia ndiyo starehe yenyewe, gari linaelea. Na kweli, tukamchukua bibi harusi nyumbani Akheri likielea, mpaka kwenye kona ya kupanda Nkoaranga kanisani, tairi la mbele likachomoka kwenye rimu tukaingia mtaroni, pua ndani ya migomba ya watu, kwaya nzima ikitutazama kutoka kwenye pikapu nyuma yetu. Shangazi mmoja akauliza kama hizo pauni nne na nusu zilikuwa za upepo au za sukari. Wakacheka. Elifuraha hakucheka.

Wakamhamishia kwenye pikapu. "Baba, panda twende."

Nilikuwa na tope mpaka kwenye tai, na niliogopa macho ya watu kanisani. "Tangulieni, mimi nalitengeneza hili."

Nikabaki nahangaika na tairi, najiuliza kosa liko wapi, na ndipo likanijia: kilo ile inakaa juu ya sentimita ya mraba, pauni inakaa juu ya inchi ya mraba, na inchi moja ya mraba inameza sentimita za mraba sita na ushee! Zidisha tena, unapata ishirini na nane na kitu, zile zile nilizoziamuru zitolewe. Nilifurahi kama mtoto, peke yangu mtaroni, mpaka nikasikia kengele.

Nilipofika kwa miguu walikuwa wanatoka. Hesabu niliipata, lakini binti yangu wa pekee aliingizwa kanisani na mdogo wangu, na mimi baba yake sikuwepo.