Paka, fomu na kifo changu

Leo nimeulizwa, uso kwa uso, nikifa paka atabaki na nani.

Nilikwenda mjini Sumbawanga kumchukua paka mkubwa, mpole, aliyeokolewa. Anayemtunza kwake mpaka apate mwenyewe ni binti niliyemfundisha darasa la tano.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba."

Akatoa fomu.

Atakula nini? Dagaa wa Kirando.

Atalala wapi? Ndani, baridi yetu mnaijua.

"Na ukifa, Mwalimu?"

Hivyo hivyo, bila hata samahani.

"Nimekuja kuchukua paka," nikamwambia, "sikuja kuandika wosia."

Nilitaka kuinuka niondoke. Lakini paka alikwishalala mapajani mwangu, anakoroma, nami sikuwa na moyo wa kumwamsha.

Binti akasema taratibu, "Mzee aliyekuwa naye alifariki peke yake, Mwalimu. Paka alikaa amefungiwa ndani ya nyumba siku tatu."



"Basi andika jina lako," nikasema. "Wewe ndiye uliyeuliza."

Akaandika.

Paka nimerudi naye. Hasira nimerudi nayo pia.

Ninyi mliofunzwa adabu, hebu niambieni: mtu mzima huulizwa hivyo?