Asilimia Thelathini na Omena za Mama Mkwe

Aibu hii nimeamua kuisimulia mwenyewe, kwa sababu wakwe zangu wameshaisimulia katika kila harusi na kila matanga, na kila ikirudi imeongezwa chumvi.

Mimi ni mwalimu wa historia, nina shahada ya chuo kikuu, na umri wangu si wa kuropoka. Siku hiyo nilikuwa nimekwenda kuwaamkua wakwe zangu ufukweni, mbele kidogo ya Kisian, nimevaa suti (kwa wakwe mtu haendi kama aendaye shambani), nikakaribishwa kiti cha heshima na soda baridi mkononi. Mama mkwe wangu huanika omena, wale dagaa wadogo wa ziwani. Asubuhi ile yeye na wenzake walikuwa wametandaza nyavu kuukuu juu ya mchanga na omena zimejaa tele juu yake, maana jioni angekuja mchuuzi mmoja wa kike wa soko la Katito, mteja mpya, aliyekwisha kuonya kwamba akikuta zina unyevu atatafuta muuzaji mwingine.

Kama saa saba mchana Mama akasimama, akatazama upande wa vilima vya Nandi.

"Hiyo wingu imekaa vibaya," akasema. "Tukunje."

Jirani yake, Mama Otis, akaja na simu iliyoingia taarifa ya hali ya hewa, akanisomea: vipindi vya mvua nyepesi hadi ya wastani vinatarajiwa katika maeneo machache, uwezekano asilimia thelathini.

"Baba Akinyi, wewe ndio umesoma. Sasa hii ni mvua ama si mvua?"

Ukweli ni kwamba sikujua. Lakini mkwe aliyeketishwa kiti cha heshima atakirije hilo mbele ya wanawake kumi? Nikakohoa, nikakunja nne, na kama mtu aliyesahihisha karatasi za wanafunzi kwa miaka ishirini nikatoa hukumu: "Thelathini kwa mia? Hiyo mvua imefeli, haipandi darasa. Anikeni!"

Wakacheka, wakaachia nyavu. Mama peke yake akabaki ameshika ncha ya wavu wake.

"Una uhakika, Baba Akinyi? Hii wingu mimi naijua."

"Mama, wale wa hali ya hewa wana mitambo."

Akaiachia (sasa naelewa kwamba ilikuwa heshima tu, maana mama mkwe habishani na mkwewe hadharani).

Nusu saa haikutimia. Upepo ulivuma, matone yakaanguka mazito, na mimi nikaruka kutoka kitini na viatu vyangu vya ngozi, nikavua koti nikafunika omena (zilizofunikwa hazikujaa hata sufuria moja), kisha nikaukamata wavu wa Mama na kuuvuta peke yangu kwa nguvu badala ya kuukunja kutoka pembeni kama walivyofanya wenzangu, omena zote zikamwagika matopeni, nikazikanyaga, nikateleza, nikaanguka kifudifudi, na suruali ikapasuka nyuma kuanzia mkandani kwenda chini. Mbele ya mama mkwe!

Mama akageuka upesi, akakazia macho ziwa. "Mama Otis," akaita bila kutazama, "funika huyo mtu!"

Mama Otis akafungua leso aliyojifunga kiunoni, akanirushia. "Jifunge, mwalimu. Naona mvua imepita mtihani!"

Mchuuzi alipofika alinikuta bado nimejifunga leso. Akachota omena, akazinusa, akazirudisha. "Mama, hii sasa ni ya kuku." Akaondoka. Mama mkwe hakunilaumu hata kidogo; alinimiminia chai.

Usiku nilijiambia kwamba kujificha kungekuwa aibu ya pili. Kulipokucha nikaenda mjini kwenye ofisi ya hali ya hewa, nikauliza, na bwana mmoja mpole akanieleza: chukua siku kumi zenye dalili kama zile, tatu kati yake mvua itanyesha. "Hiyo si ndogo," akasema, "kwa mtu aliyeanika kitu." Kutoka hapo nikaenda moja kwa moja hadi Katito, nikamkuta yule mchuuzi katikati ya magunia na wateja wake.

"Mama," nikamwambia, "mama mkwe wangu alitaka kuzikunja mapema. Mimi ndiye niliyemzuia, kwa jambo nisilolijua. Usimwache kwa kosa langu."

Akanitazama toka kichwani hadi viatuni. "Kumbe ni wewe, yule wa leso!"

Wateja wakaangua kicheko. Nikasimama pale pale mpaka kikaisha.

"Ambia mama nitakuja Ijumaa," akasema akifuta machozi. "Lakini Ijumaa wewe usikuje."

Ijumaa nilikaa kwangu. Jioni Mama akapiga simu: omena zote zimechukuliwa. Tangu hapo nimeapa kwamba nikiulizwa nisichokijua, hata ukweni, hata mbele ya watu hamsini, nitasema sijui, kisha nitakwenda kumuuliza anayejua. Kusema hivyo kunachoma koo, lakini mara moja tu.