Bata mzinga bila firigisi

Leo nimesifiwa mapishi mpaka nikajuta.

Mahali nafua nguo walikuwa na sherehe jana, nikapewa bata mzinga iliyobaki. Ilikuwa imekauka kama kamba.

Na mama mkwe ako kwangu hapa mtaani Kongo, ametoka Kakamega kutuona. Mgeni kama huyo huwezi mpea chakula ya jana.

Nikaikatakata, nikaiweka kwa sufuria na supu kidogo ya mifupa yake, kitunguu juu. Nikafunika na sahani, jiwe juu ya sahani, moto ya chini kabisa. Sikufunua hata mara moja.

Wadau, ilitoka laini, inachuruzika supu.

Mama akaonja. "Hii umechinja leo asubuhi?"

Nikasema ndiyo, Mama.

Akala. Akaongeza ugali. Halafu akaangalia sahani ya mtoto wake, yaani bwana yangu, vizuri sana.

"Na firigisi yake iko wapi?"

Sisi Waluhya, firigisi ni ya mwanaume mwenye nyumba. Haipotei tu hivyo.

Bwana yangu, ambaye anajua kila kitu, akainamia ugali.

Nikisema ukweli, nimelisha mama mkwe mabaki ya watu.

Nikasema nimeikula mimi.

Mikono zote zikasimama.

Nyinyi mngesema nini? Jibuni haraka, juu saa hii ako nje ya mlango anaelezea watu wa nyumbani kwa simu. Mkono ile ingine bado imeshika paja ya bata.