Wageni wa chuo wanakuja Alhamisi, na mtaa unajua mwanangu yuko Qatar

Asalaam aleikum ndugu zangu, na wasiokuwa Waislamu habari zenu. Mwenye ukurasa, nisitiri jina, maana hapa Likoni tunajuana mpaka kwa sauti ya kukohoa. Mimi ni mama wa miaka arubaini na saba, mjane, nimeishia darasa la sita, kwa hivyo nikikosea kuandika mnisamehe. Kazi yangu ni kupaka maharusi hina. Nina watoto wawili: kijana wa miaka ishirini na sita, na binti wa kumi na tisa ambaye nitamwita Rehema, ingawa silo jina lake.

Rehema amemaliza shule na amepita vizuri, mashaallah. Ameomba chuo kikuu asomee saikolojia. Mimi nilidhani atataka ualimu au uuguzi, kazi ninazozijua. Nikamuuliza, "Mwanangu, hiyo ukimaliza utakaa ofisini ufanye nini?" Akanambia, "Nitasikiliza watu, mama." Nikamwambia, "Mbona hapa barazani wanasikiliza watu bure, na yasiyowahusu juu yake?" Tukacheka wote wawili, nikaona yamekwisha.

Wiki iliyopita nilikuwa mtaa wa Shika Adabu nimeshika mkono wa biharusi, simu ikalia. Mwanamke, sauti ya upole, Kiswahili cha bara. "Mama, sisi ni wa chuo alichoomba Rehema. Barua yake imetugusa sana. Tutawatembelea nyumbani Alhamisi kabla ya kuamua kama tutamlipia masomo. Na tungependa kumsalimia kaka yake pia, kama hatajali."

Koni ya hina ikanitoka mkononi. Biharusi akaniuliza, "Mama, kuna msiba?" Nikasema la, ni kheri.

Ndugu zangu, sasa niwaambie nisilowahi kumwambia mtu. Mtaa mzima unajua kijana wangu yuko Qatar. Na kweli alikwenda, tukamsomea dua, watu wakala pilau. Baada ya miezi minane akarudishwa, kichwa hakiko sawa. Nikampokea uwanja wa ndege peke yangu, nikamtia kwenye tuktuk na mapazia nikayashusha, nikamwingiza chumba cha nyuma. Nilisema atapoa kabla watu hawajajua. Huu sasa ni mwaka wa tatu. Nimemnywesha kombe la aya za Qurani, nimemwita shekhe wa mbali asiyetujua akamsomea. Hospitali nilimpeleka mara moja, nikamuona mtu wa mtaani kwetu kwenye foleni, nikageuka naye nikarudi. Akipiga kelele nafungua redio. Nikienda kazini mlango naufunga kwa nje. Hapa naona aibu kuandika, lakini nimeandika.

Jirani yangu, mke wa mzee wa mtaa, haachi kuulizia Qatar. Mwezi jana alikuja akanambia, "Mwambie kijana wetu akija aniletee udi, lakini ule wa kweli, asije akanitafutia wa soko la Kongowea!" Nikamjibu, "Inshallah, akipiga simu kesho nitamwambia." Alipotoka tu, nikasikia sauti chumba cha nyuma.

"Mama."

"Abee, mwanangu."

"Huko Qatar mimi hufanya kazi gani?"

 Nilikwenda nikaosha vyombo vilivyokuwa safi.

Basi haya yote Rehema ameyaandika kwenye barua ya kuomba chuo. Waliuliza kwa nini anataka saikolojia, naye akawajibu. Niliporudi siku ile ya simu nilimrukia. "Umetuvua nguo, we mtoto!" Hakupandisha sauti. Akanambia, "Mama, mimi ndiye ninayekaa naye dirishani mpaka atulie. Ulitaka niandike nini? Kwamba napenda kusoma vitabu?" Nikamwambia hiyo Alhamisi kakake tutampeleka kwa mamangu mdogo Kisauni, na wageni tutawaambia amesafiri. Akaniangalia vile babake alivyokuwa akiniangalia nikikosea. "Ukimtoa nyumba hii siku hiyo, nitawaambia wageni nimeghairi. Siendi kusomea kusaidia watoto wa wenzangu na kakangu nimemfungia ndani."

Na wallahi namjua, hasemi kitu asichokifanya.

Linalonimaliza ni kwamba wageni hao huletwa na mzee wa mtaa, yeye ndiye wa kuthibitisha mtoto anaishi hapa. Akiingia tu na kumuona, mkewe atajua kabla chai haijapoa, na mke akijua, wamejua wote. Nani tena atanipa mkono wa binti yake niupake hina? Ugonjwa wa mwanangu nimeshauzoea. Ninachokiogopa ni macho ya watu niliopokea salamu zao za Qatar miaka mitatu nikawarudishia za uongo. Naogopa pia watasema nimemfunga mtu kama mfungwa, waje wanichukulie mwanangu. Lakini nikimficha, binti yangu atakosa chuo kwa mkono wangu mimi.

Leo ni Jumanne. Gari la kumpeleka Kisauni nimeshalizungumza, litakuja Alhamisi saa moja asubuhi, na mpaka sasa sijavunja mapatano hayo. Leo nilipompelekea chai nikamkuta ameketi kitandani ametulia. Rehema alikuwa ameshamwambia.

"Mama, hao wageni wanakuja kumuona Rehema tu?"

Nikasema, "La. Na wewe pia."

 Akajishika kidevu, akanambia, "Basi mwite kinyozi, mama. Siwezi kukaa na wageni hivi."

Kinyozi ni wa hapa hapa mtaani. Sijamwita, na mwanangu sijamwambia hapana. Ameshaniuliza mara tatu.

Nishaurini, ndugu zangu. Wenye maneno makali pia andikeni, nitayasoma yote. Nivunje gari, au nivunje moyo wa watoto wangu wawili kwa siku moja? Nifanye nini?