Mavuno ya Reli

Watu wa Masama, huko mlimani juu ya Moshi, wakimtaja mtu huanza na kihamba chake, shamba la ukoo lililozunguka nyumba. Fulani migomba yake imenenepa, fulani kahawa yake imezeeka, fulani ng'ombe wake anakamuliwa mpaka majirani wanagawiwa. Wakifika kwa Eliezeri Nkya walikuwa wakisita kidogo, halafu wanasema, "Huyu ni wa reli," na mazungumzo yanahamia kwa mwingine.

Hawakuwa wamekosea. Eliezeri alishuka mlimani ndevu hazijamtosha kidevuni, akapata kibarua cha kufagia stesheni ya Moshi, na kwa kuwa alikuwa kijana wa kusikiliza kuliko kusema, wakamfundisha kukagua mabehewa ya mizigo. Kazi yenyewe ilikuwa kutembea kando ya treni akiwa na nyundo ya mpini mrefu, kugonga kila gurudumu na kutega sikio. Gurudumu zima hulia kama kengele. Lenye ufa hulia kama sufuria mbovu, na behewa lake halitoki. Akagonga na kusikiliza, leo Kahe, kesho Same, keshokutwa Korogwe, mpaka mvi zikamkuta kazini.

Alipopata likizo alipanda mlima kurudi kwa mkewe Elinipendo, na hapo ndipo ilipokuwa shida. Elinipendo alikuwa na ugomvi wa kudumu na vumbi. Sakafuni kwake ungeweza kula bila sahani, na kuku wake walijua mwisho wao ni kizingiti. Kabla hajamsalimu mumewe vizuri alikuwa ameshasema, "Vua huko huko nje, Baba Anaeli." Anaeli ndiye kifungua mimba wao. Basi baba mtu mzima anavua ovaroli nyuma ya nyumba, anajifunga shuka, anaingia ndani kama mgeni, na ovaroli inapelekwa mferejini kusuguliwa juu ya jiwe. Maisha yao yote ya ndoa yalikwenda hivyo.

Halafu mambo yakageuka. Wanunuzi wapya wa kahawa wakaanza kuja mpaka mlangoni na mizani zao, malori yakajaa barabarani, mzigo ukaihama reli. Treni zikawa zinakuja kwa kusuasua. Siku moja Eliezeri na wenzake wakakusanywa, wakashukuriwa kwa maneno mazuri, wakaambiwa waende nyumbani wakapumzike. Alikuwa hajamwomba mtu kupumzika. Akarudi Masama akiwa na sanduku, godoro na nyundo yake.

Sasa, kila mwaka usharika wao una Sikukuu ya Mavuno. Kila mtu hupeleka kanisani alichojaliwa: mkungu wa ndizi, debe la mahindi, kuku, mayai, maziwa kwenye kibuyu. Baada ya ibada vitu hivyo hutolewa nje na kunadiwa, na mpiga mnada alikuwa Mzee Wilson, mzee wa kanisa mwenye sauti ya kusikika mpaka ng'ambo ya korongo na ulimi usio na breki. Kila mwaka akimwona Eliezeri amesimama mikono mitupu nyuma ya mkewe, humtupia lile lile.

"Nkya, na reli huvuna nini?" Kisha anajijibu mwenyewe, "Vumbi!"

Watu wanacheka. Eliezeri naye alicheka, maana mzaha wa Mzee Wilson haukuwa na sumu. Lakini neno lile lilimuuma. Ndizi zilizopelekwa ni za Elinipendo, mayai ya Elinipendo, maziwa ya ng'ombe aliyekatiwa majani na Elinipendo miaka yote mume yuko relini. Mshahara wa Eliezeri ulikuwa umeshakuwa ada za watoto na mabati ya nyumba, na mtu hawezi kung'oa bati akalipeleka altareni. Alitamani mara moja tu, kabla hajazikwa kwenye ardhi asiyoilima, asimame mbele ya watu na kitu kilichotoka mikononi mwake.

Njia aliipata kwa mgeni. Usharika ulitembelewa na Wajerumani wa usharika rafiki, na mmoja wao alikuwa mzee wa masharubu aliyestaafu kazi ya reli huko kwao. Lugha ya kuongea hawakuwa nayo. Katika chai ya kuwakaribisha wageni Eliezeri alichukua kijiko, akagonga kikombe, akatega sikio. Yule mzee aliacha andazi lake, akachukua kijiko chake, akagonga sahani, naye akatega sikio. Mchungaji alipokuja kutafsiri aliwakuta wameshashikana mabega.

Mgeni akatoa picha. Kumbe huko kwao wazee wa reli hutengeneza vitreni vidogo vya kuweka mezani, na cha ajabu, wakishavipaka rangi huvichafua kwa makusudi. Wana vijiti laini vya rangi, mfano wa chaki, vinavyoitwa pasteli. Hukiparuza kijiti kwenye msasa kikawa unga, wakaupaka unga ule kwa brashi, kidogo kidogo, mpaka behewa jipya linaonekana limetoka safari. "Anasema behewa safi ni mdoli," mchungaji alitafsiri. "Lililochafuka ndilo limefanya kazi." Miezi ikapita, kikaja kifurushi cha pasteli. Maelezo yalisema umalizie kwa dawa ya kupuliza ili unga usitoke. Dawa haikuwamo kwenye kifurushi, na Moshi mjini haikupatikana, kwa hiyo unga ulikaa juu ya rangi kwa hisani yake tu.

Eliezeri akajenga behewa. Mwili aliuchonga kwa mbao za mgrevilea, paa alilikunja kwa bati la kopo la mafuta ya kula, magurudumu akayatengeneza kwa vizibo vya soda alivyoviunganisha viwili viwili. Akalipaka rangi ya kahawia iliyoiva. Elinipendo alilitazama siku rangi ilipokauka, akasema, "Limependeza," na kwa Elinipendo hiyo ni sifa kubwa. Akajua kazi imekwisha.

Haikuwa imekwisha. Eliezeri alilihamishia kwenye stoo nyuma ya zizi, na huko akaanza kulichafua. Hakumwambia mkewe. Mwanamume aliyevuliwa nguo uani maisha yake yote hamwambii mkewe kwamba sasa anatengeneza vumbi kwa hiari.

Zile zilikuwa siku zake nzuri kuliko zote tangu aache kazi. Aliparuza kijiti cheupe, akapaka kwenye ukingo wa mlango, ikawa jasi ya Makanya, ule unga wa mawe wanaopakia huko. Aliparuza chekundu, ikawa ardhi ya Same, nzito chini ambako magurudumu huirusha, nyepesi kadiri inavyopanda. Kijivu kikawa saruji ya Tanga kwenye paa. Chini ya kila msumari akavuta mchirizi mwembamba wa kutu, kwa njia ambayo mvua ingepita. Alikuwa akipaka na kukumbuka, na mara nyingine brashi ilisimama hewani kwa muda kwa sababu mwenye nayo kwa mawazo alikuwa stesheni ya Hedaru, anakunywa chai ya rangi na wenzake huku treni ikipoa. Unga ukishakaa alipumulia pembeni ili pumzi yake isije ikaupeperusha.

Jumamosi ya kuamkia Mavuno akaliingiza ndani, akaliweka mezani juu ya kitambaa, akaenda kwa fundi kuchukua viatu vyake vya ibada. Alitembea mwepesi kama kijana. Alikuwa ameshatunga hata jibu la kumpa Mzee Wilson.

Alirudi jua limeanza kulala. Behewa lilikuwa kibarazani, juu ya ungo, linang'aa. Liling'aa kama miguu ya mtoto aliyetoka kuogeshwa. Elinipendo alikuwa pembeni akifuta mayai moja moja kwa kitambaa chenye maji.

"Nimelikuta limejaa vumbi la zizini," alisema kwa furaha. "Nikasema haliwezi kwenda mbele za Mungu hivyo. Nimelisugua kwa sabuni, nikalipaka mafuta kidogo. Ona sasa."

Eliezeri alilishika. Jasi hakuna, Same hakuna, kutu hakuna. Kwenye pembe moja tu chini ya sakafu, ambako kidole hakikufika, ulibaki wekundu kidogo. Akakaa kwenye ngazi na viatu vyake mkononi.

"Lilikuwa limekamilika," alisema. "Lile vumbi ndilo nililokuwa nalitengeneza."

Elinipendo hakuelewa, na ilipasa aelezwe yote, mgeni, vijiti, msasa, stoo. Kadiri Eliezeri alivyoeleza ndivyo hasira ilivyompanda, na mwisho akasema neno ambalo hakuwahi kumwambia. "Umri wangu wote uko relini, Mama Anaeli. Nimeuweka kwenye behewa hili, wewe umeufua."

Mkewe aliweka yai chini taratibu.

"Wako peke yako?" aliuliza. "Wewe vumbi lile ulikuwa unalivaa tu, Baba Anaeli. Anayelijua ni mimi niliyekuwa nalitoa."

Eliezeri aliweka viatu chini.

"Nilikuwa naishika ovaroli najua ulikolala kabla hujasema. Ikiwa nyeupe mifukoni, ulikuwa Makanya. Ukitoka kwenye saruji, pindo linakuwa gumu kama gome. Ile nyekundu ya Same ndiyo niliyoichukia, haitoki kwa maji ya kwanza wala ya pili. Mvua ikiwa imekunyea njiani, naona mstari wa kutu mgongoni ulipoegemea. Nilikuwa naiona nasema, leo mume wangu amelowa." Akasogeza mayai kando. "Lete hivyo vijiti."

Wakaketi kibarazani. Kwanza Elinipendo alifuta mafuta kwa jivu, lakini hayakutoka yote, na ule utelezi mdogo uliobaki ukaunasa unga vizuri kuliko rangi kavu ilivyounasa mwanzo. Eliezeri aliparuza, akapaka. Mkewe alitazama, na hakuona haya kumsahihisha.

"Jasi haikai hivyo, imetanda mno. Inajificha kwenye mishono."

"Hii ni mbao, haina mishono."

"Kwenye nyufa basi."

Akapaka kwenye nyufa, na ilikuwa kweli. Kijiti chekundu kikaisha upande mmoja haujapata. Elinipendo akashuka shambani, akarudi na udongo kwenye kiganja, akauchekecha kwa kilemba chake cha zamani. Eliezeri akasema udongo wa Masama ni mweusi, si wa Same. Mkewe akamwambia achanganye na cha rangi ya machungwa aache maneno. Alipokwisha kuchanganya alikaa akiutazama unga ule kwenye kifuniko, kisha akamtazama mwanamke aliyekaa naye miaka yote ile, kidole chake kimejaa vumbi, kilemba chake kimeharibika, na wala hajakurupuka kwenda kunawa. Akaona haya kwa neno alilomwambia. Akamwambia hivyo. Elinipendo akasema, "Aika," ambayo ni asante ya kwao, akamwonyesha sehemu nyingine iliyosahaulika.

Kesho yake kanisa lilijaa. Eliezeri alipita mbele na behewa lake juu ya kitambaa, akaliweka kati ya mkungu na kreti ya mayai. Baada ya ibada wakatoka nje, mnada ukaanza, kuku wakaenda, ndizi zikaenda, na zamu ya behewa ikafika.

Mzee Wilson alilichukua. Aliligeuza, akatabasamu, ikaonekana limemvutia. Halafu akaona vidole vyake vimechafuka.

"Nkya ndugu yangu," alisema kwa upole, akiingiza mkono mfukoni, "kazi nzuri namna hii umeiacha ipigwe vumbi. Ngoja nikusaidie."

Akatoa leso nyeupe, akaikunjua. Eliezeri alifungua mdomo. Lile jibu alilolitunga lilikuwa limemtoka kabisa kichwani.

"Usifute, Mzee Wilson," mkewe akamtangulia.

Watu waligeuka. Elinipendo alikuwa amesimama upande wa akina mama, kitenge kimenyooka, kilemba cheupe kama maziwa. Hapakuwa na mtu pale asiyejua jinsi mama yule anavyochukia vumbi. Wapo waliokuwa wamevuliwa viatu mlangoni kwake wakiwa wamebeba rambirambi.

"Kila mwaka unamuuliza reli huvuna nini," alisema. "Leo amekuletea. Hayo ndiyo mavuno yenyewe, na ukiyafuta utakuwa umebaki na mbao."

Hakuna aliyecheka. Mzee Wilson alilitazama behewa upya, safari hii akilisogeza karibu na macho, akafuatisha kwa kidole mchirizi wa kutu bila kuugusa. Leso akairudisha mfukoni.

"Ni mavuno yako, Nkya?" aliuliza, bila mzaha.

Eliezeri alikuwa amelingoja swali lile miaka mingi, na jibu alilolitaka siku zote lilikuwa moja. Akamtazama mkewe kule kwa akina mama.

"Ni yetu," alisema. "Mimi na Mama Anaeli."

Mzee Wilson akaliinua juu ili walio nyuma nao waone, na unga kidogo ukamwangukia kwenye mkono wa koti lake jeusi la ibada. Aliuona. Akaendelea kunadi bila kuupangusa.